Pipa la nyama ya moshi likipanda joto bila kushikika, kagua hewa kwanza

Malalamiko yanayofika karakana yetu Arusha yanafanana: nyama imeungua nje, ndani ngumu, na ina uchungu wa masizi. Mkaa ndio hulaumiwa. Tukilikagua pipa, mara nyingi tunakuta hewa inaingia pasipotakiwa.

Nyama choma inataka makaa makali na muda mfupi. Nyama ya moshi inataka nyuzi 110 hadi 130 kwa saa nyingi, na joto hilo huamuliwa na hewa inayoufikia moto. Kikapu kinaweza kujaa mkaa na pipa likatulia kwenye 115, ilimradi hewa imebanwa.

Anza na pipa la chuma la lita 200 lenye mfuniko unaofunguka wote, lililobeba chakula. Lililobeba dawa za mimea au kemikali liache hata ukipewa bure. Lililobeba petroli au dizeli usilipitishie grenda wala moto wa kuchomelea. Mvuke uliobaki ndani hulipuka kwa cheche moja, na mafundi wamekufa kwa hilo. Mapipa mengi ya chakula yana rangi ndani. Choma kuni humo, uwanjani, mbali na watu, mpaka rangi ipukutike, kisha sugua kwa brashi ya waya hadi chuma kitupu.

Sentimita 5 kutoka kitakoni toboa matundu matatu ya kuingia nipeli (vipande vifupi vya bomba) za robo tatu inchi, yaachane sawa. Mawili yapate vizibo, la tatu lipate koki. Mfuniko upate matundu manane ya nusu inchi, na hayo yabaki wazi muda wote unapopika. Kikapu cha mkaa kiwe cha wavu mzito, upana sentimita 38, kimo 25, chenye miguu ya sentimita 7 ili majivu yadondoke yasizibe hewa. Wavu wa nyama ukae sentimita 18 chini ya ukingo. Usitumie chuma chenye zinki ndani ya pipa: kikipata moto mkali hutoa moshi wa sumu. Kabla ya nyama ya kwanza, paka kuta za ndani mafuta ya kula na uwashe pipa tupu kwa saa tatu.

Kuwasha ndiko wengi wanakoharibu. Jaza kikapu mkaa usiowaka, kilo 4 hivi, uchanganye na vipande vinne vya mti mkavu, kila kimoja saizi ya ngumi: mwembe, mpera au mkahawa uliozeeka. Mkaratusi, msonobari na mbao zenye rangi hapana. Kisha weka juu makaa kumi au kumi na mawili yaliyokolea, basi. Joto likifika 95 anza kufunga vizibo kimoja kimoja. Ukisubiri 120 umechelewa, maana mkaa mwingi umeshashika na kurudisha joto chini huchukua saa nzima. Kila badiliko la koki lipe dakika 15 kabla ya kuligusa tena.

Moshi mweupe mzito ndio unaoleta ule uchungu: moto hauna hewa ya kutosha, au mti ni mbichi. Nyama iingie moshi ukiwa mwembamba, karibu hauonekani.

Kujua kama pipa linavuja, funga matundu yote ya chini moto ukiwa umekolea. Joto lisiposhuka, hewa inapenya chini, mara nyingi kwenye mshono wa kitako au pembeni mwa nipeli. Mfuniko unaovuja kidogo hauna madhara makubwa, kwani moto huvuta hewa kutoka chini. Ila kuufungua mara kwa mara huulisha moto hewa, na dakika kumi baadaye joto limeruka.

Kipimajoto kijaribu kwenye maji yanayochemka. Pwani kisome 100. Arusha, mita 1,400 juu ya bahari, 95 ni sahihi, usikitupe. Joto la ndani la kidari cha ng'ombe husimama kwenye nyuzi 70 hivi kwa saa kadhaa kwa sababu unyevu unaotoka unaipoza nyama. Usiongeze moto. Kikifika 93 ndani, kitoe, kipumzike saa moja.

Ukileta pipa lako, tunatoboa, tunafunga koki na kuziba mshono unaovuja. Njoo na mfuniko wake, kwa sababu wa pipa jingine hukaa vibaya.