Salamu za Krismasi kwa Viongozi wa Ushirika wa Wakristo Wanasayansi

Wapendwa viongozi wetu, Bwana Yesu asifiwe.

Ninawasalimu nyote mnaobeba mzigo wa ushirika huu: mwenyekiti na makamu wako, katibu, mhazina, na ninyi waratibu wa vyuo ambao aghalabu hukumbukwa mambo yanapokwama. Krismasi imetukuta tena katika msimu wa vuli. Wengine mko njiani kwenda Moshi, Mbeya au Bukoba, na wengine mmebaki kazini, kwa sababu jokofu la sampuli halijui sikukuu na kituo cha hali ya hewa kinasoma vipimo vyake siku ya Noeli kama siku nyingine yoyote. Kwa wote nasema Krismasi njema, na kabla hamjafika kwenye pilau naomba mnivumilie kidogo, kwa kuwa salamu zangu mwaka huu zimekuwa ndefu kuliko kadi inavyoruhusu.

Nimeisoma upya sura ya pili ya Injili ya Mathayo nikiwawaza ninyi. Sisi watu wa sayansi tunawapenda mamajusi, na si ajabu, maana katika habari yote ya kuzaliwa kwa Bwana wao ndio walio karibu zaidi na fani zetu: watu waliotazama, wakalinganisha, wakafunga safari kufuata walichokiona. Mahubiri yetu juu yao hupita mbio hadi kwenye dhahabu, uvumba na manemane. Ni nadra kusikia mhubiri akisimama kwenye aya ya saba, ambapo Herode anawaita faraghani na kutaka kujua kwa hakika ni lini nyota ile ilianza kuonekana.

Wakamwambia. Walikuwa wageni mjini, aliyeuliza alikuwa mfalme, na swali lenyewe lilikuwa la kitaalamu. Nadhani walijibu kwa furaha, kwa kuwa sisi wenye kazi ya kupima tukiulizwa vipimo vyetu hujibu upesi, hasa anayeuliza akiwa mkubwa. Kisha aya ya kumi na sita inatueleza jibu lile lilifanya kazi gani: Herode aliwaua watoto wa kiume wa Bethlehemu na viunga vyake, wenye miaka miwili na waliopungua, kwa kadiri ya muda aliouhakikisha kwa mamajusi. Kipimo kilichochukuliwa kwa uaminifu, na watu wanyofu waliokuwa safarini kwenda kuabudu, ndicho kilichoweka mpaka wa umri wa watoto wa kuuawa. Mathayo hawalaumu mamajusi, wala mimi siwalaumu. Lakini sioni sababu ya watu wa kazi yetu kusherehekea Krismasi kila mwaka na kuiruka aya hiyo.

Najua swali tunaloulizwa zaidi kila Desemba ni lile la nyota yenyewe, kwamba ilikuwa kitu gani. Ni swali zuri. Johannes Kepler, aliyekuwa Mkristo wa Kilutheri na mwanahisabati wa mfalme huko Prague, aliangalia sayari Mshtarii na Zohali zikikutana mwaka 1603, akaona nyota mpya angani mwaka 1604, kisha akapiga hesabu kurudi nyuma na kuona kwamba sayari hizo mbili zilikutana pia mwaka wa 7 kabla ya Kristo. Watu wengi husimulia kwamba aliuita mkutano huo nyota ya Bethlehemu, ilhali yeye alidhani nyota mpya ilitokea baada ya sayari kukutana, kama alivyoona kwa macho yake mwenyewe. Tarehe 21 Desemba 2020 sayari hizo zilikaribiana tena, kiasi kwamba kwa jicho tupu zilionekana karibu kuwa moja. Wanafalaki wetu waendelee kutufundisha mambo hayo, nami nitakaa mstari wa mbele kusikiliza. Hata hivyo, katika wanachama mnaowaongoza, wachache sana wataulizwa na mwajiri wao juu ya Mshtarii na Zohali. Karibu wote wataulizwa siku moja, faraghani, na mtu mwenye mamlaka, watoe tarakimu ambayo hawajui itakwenda kufanya nini.

Ndiyo maana nimekuwa nikiwafikiria watu waliotangulia kuongoza ushirika wa namna hii. Ule wa Marekani, American Scientific Affiliation, ulianza mwaka 1941 huko Chicago, watu watano walipokutana kwa mwaliko wa rais wa chuo cha Biblia cha Moody Bible Institute. Ule wa Uingereza, ambao leo unaitwa Christians in Science, una asili yake mwaka 1944. Itazameni miaka hiyo. Vyama vyote viwili vilizaliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wakati ambapo mtu yeyote aliyejua fizikia au kemia alikuwa akitafutwa na jeshi.

F. Alton Everest, rais wa kwanza wa ule wa Marekani, aliyeuongoza kwa takriban muongo mmoja, alikuwa mhandisi wa sauti. Wakati wa vita alikuwa katika utafiti wa sauti za chini ya bahari huko San Diego, na mojawapo ya mambo ambayo yeye na wenzake waliyachunguza ni kelele za kamba wadogo wanaofyatua magando yao, kelele ambazo kwa wingi wake huzuia vinasa sauti vya majini kusikia nyambizi. Nimecheka niliposoma habari hiyo mara ya kwanza, kwa kuwa wavuvi wa pwani yetu wangeweza kumweleza mengi juu ya tabia za kamba. Lakini jambo lenyewe si la kuchekesha. Ushirika ule uliongozwa tangu siku zake za mwanzo na mtu ambaye vipimo vyake vilikuwa na mtumiaji mwenye silaha. Sisemi alifanya vibaya. Nasema tu kwamba swali la aya ya saba halikuja kwa watu hawa baadaye, kama mada ya semina. Lilikuwepo siku ya kwanza.

Kuna desturi moja ya ushirika huo ninayoiheshimu sana. Palipo na tofauti ya kweli kati ya Wakristo waaminifu kuhusu jambo la kisayansi, ushirika wenyewe hautoi tamko la kuufungia upande mmoja, bali huacha hoja ziwekwe mezani na kujadiliwa. Wapo wanaoiita woga. Mimi naona inahitaji kiongozi mwenye kifua kipana, anayeweza kumsikiliza mjumbe akisema jambo asilokubaliana nalo, kisha akamkaribisha tena mwezi unaofuata.

Uvumilivu huo, hata hivyo, haumaanishi kukosa msimamo juu ya kile ambacho ushahidi unasema. Chukueni mfano wa Sir John Houghton, mtaalamu wa fizikia ya angahewa kutoka Wales na mzee wa kanisa, aliyeongoza tathmini ya kisayansi ya jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, tangu mwaka 1988 hadi 2002, na ambaye mwaka 1997 alianzisha John Ray Initiative ili kuwaunganisha Wakristo, wanasayansi na watunzaji wa mazingira. Mwaka 1995, huko Madrid, aliendesha kikao kilichobishania kwa muda mrefu sentensi inayosema kwamba ushahidi ukipimwa wote kwa pamoja unaonyesha athari ya binadamu katika tabianchi ya dunia, huku wajumbe wa baadhi ya nchi zinazouza mafuta wakiipinga. Sentensi ilipita. Aliyekuwa amekalia kiti alijua tofauti ya kumsikiliza kila mtu na kumruhusu kila mtu afute asichokipenda.

Houghton alifariki katikati ya Aprili 2020 kwa maradhi yaliyotokana na korona, akiwa na umri wa miaka 88. Mwishoni mwa mwezi ule ule, hapa Tanzania, takwimu za ugonjwa huo zilikoma kutangazwa, na hesabu ya kitaifa ikasimama kwenye wagonjwa 509 kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sitaki kuyafukua ya wakati ule katika barua ya sikukuu zaidi ya kusema hili: walikuwepo Wakristo maabara na wodini waliobeba walichokijua wakiwa peke yao, Jumapili wakaimba na wenzao, Jumatatu wakarudi kukibeba.

Si kila anayeuliza tarakimu ni Herode, na maarifa hayaendi kila mara kwa wauaji. Mtu ninayemkumbuka kila ninaposoma habari za watoto wa Bethlehemu ni Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyepoteza jicho moja utotoni, akafanya kazi Uganda, na baadaye akawa rais wa ushirika wa madaktari Wakristo wa Uingereza. Mwaka 1957, hospitalini Mulago, aliitwa na mwenzake amwone mtoto mwenye uvimbe wa saratani katika pande zote za taya zake. Muda mfupi baadaye akakuta mtoto mwingine wa namna hiyo huko Jinja, akaanza kujiuliza. Akachapisha maelezo yake mwaka 1958, akatuma karatasi zenye maswali na picha kwa hospitali nyingi za Afrika, na mwaka 1961 yeye na marafiki wawili, wote watu wa huduma ya tiba, wakapanda gari kuukuu na kusafiri kwa muda wa wiki kumi, umbali wa takriban kilomita 16,000, kutoka Kampala hadi Afrika Kusini na kurudi. Walipita Tanganyika katika miezi ile ile tuliyokuwa tukielekea kwenye uhuru. Katika kila hospitali waliuliza swali moja, kama wameona watoto wenye uvimbe huu au la, na majibu yakaonyesha kwamba ugonjwa ulifuata joto na mvua, ukipungua kadiri unavyopanda milimani, karibu kama malaria. Sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London ndizo zilizowezesha kugunduliwa, mwaka 1964, kwa virusi vinavyohusishwa na saratani hiyo, vinavyoitwa leo Epstein-Barr, na watoto wengi waliokuwa wakihesabiwa ni wa kufa wakaanza kupona kwa dawa.

Mmoja wa wale wasafiri watatu, Ted Williams, alikuwa daktari wa hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua nchini Uganda, mahali ambapo hapakuwa na vifaa vya kujivunia. Kilichokuwepo ni rejesta za wagonjwa zilizoandikwa kwa uangalifu mwaka baada ya mwaka, na rejesta hizo zikawafaa watafiti wa ugonjwa huu kwa muda mrefu. Ninalitaja jambo hili kwa ajili ya wanachama wetu walio katika vituo vya afya vya wilayani na shule za kata, ambao katika mikutano yetu mikuu hukaa nyuma kama wageni harusini wakidhani meza ya mbele ni ya wenye shahada za uzamivu. Mwakani wapeni nafasi ya kuzungumza.

Na tusisahau kwamba maarifa yanaweza kuwa salama kabisa mikononi mwa watu wema na bado yasimfikie anayeyahitaji. Jumapili ya kwanza ya Majilio mwaka 2023, tarehe 3 Desemba, sehemu ya mlima Hanang ilimeguka baada ya mvua kubwa, na tope lenye mawe na miti likashuka hadi Katesh na vijiji jirani. Waliofariki walizidi 80. Utabiri wa mvua za El Niño ulikuwa umekwisha kutangazwa miezi kadhaa kabla. Lakini kujua kwamba mvua itazidi wastani ni jambo moja, na kujua mteremko upi umechoka ni jambo jingine, na kumfikia mama anayelala chini ya mteremko huo kwa maneno anayoyaelewa ni kazi ya tatu ambayo hakuna chuo kinachompa mtu cheti chake. Katika ushirika wetu tunao wanajiolojia, watu wa hali ya hewa na walimu, na katika vijiji vile vile yapo makanisa yenye kengele. Ningependa kuwaona wakikaa meza moja.

Sasa niseme ninachowaomba, maana salamu za mzee huwa na ombi ndani yake. Ratiba yetu ya mwaka unaokwisha ilijaa mijadala ya Mwanzo sura ya kwanza, umri wa dunia na mageuzi ya viumbe. Mijadala hiyo iendelee. Lakini hatukuwa na jioni hata moja kwa ajili ya kijana wa maabara aliyeambiwa arekebishe majibu ya maji ya kisima, au mhandisi anayesubiriwa aweke sahihi kwenye kipimo cha zege ambacho hakukifanya, au mwalimu anayetakiwa kupandisha alama. Mamajusi walionywa katika ndoto wasimrudie Herode, wakaenda kwao kwa njia nyingine, na Mathayo anasimulia kwa wingi: walionywa, wakaenda. Hakuna aliyeachwa apite njia ile ndefu peke yake. Wanachama wetu wengi wako peke yao wanapofika kwenye njia panda hiyo, na huja kwetu baada ya kuachishwa kazi au baada ya kutia sahihi.

Basi katika kikao cha Januari naomba mtenge nafasi ya kudumu, iliyo na usiri, ambapo mwanachama anaweza kuja kabla hajamjibu anayemuuliza, akakuta mtu wa fani yake, mtu anayeijua sheria, na mtu wa kumwombea. Niko tayari kusaidia kuiandaa, na nimeshazungumza na wastaafu wenzangu kadhaa ambao wana muda na hawana tena cheo cha kupoteza.

Walio zamu usiku wa mkesha, Mungu awatie nguvu. Tutawawekea sahani zenu. Walio safarini wafike salama na kurudi salama. Nanyi viongozi wetu, pamoja na wenzi wenu na watoto wanaowakosa jioni nyingi kwa ajili ya vikao vyetu, nawatakia Krismasi njema na heri ya Mwaka Mpya.

Ni mimi mwanachama mwenzenu katika Kristo.