Tuelezeni pia mti umesimama wapi

Mhariri,

Makala nyingi kuhusu wadudu walao majani hutaja jina la mti na kuishia hapo. Jina halitoshi. Vichaka viwili vya aina moja, kimoja juani pembezoni mwa msitu na kingine kivulini ndani, vinaweza kukaliwa na wadudu tofauti kabisa. Jani la juani mara nyingi huwa nene, gumu, lenye tanini nyingi, yaani kemikali chungu za kujikinga; kiwavi apendaye jani laini huliepuka. Mwinuko nao huchuja: ukipanda mlima, baridi huwapunguza wengi, hata sisimizi wanaowinda viwavi.

Mwaka 1961 Southwood, mtaalamu wa wadudu wa Uingereza, alihesabu aina 284 za wadudu kwenye mialoni ya Uingereza, miti iliyoenea na kudumu huko, ilhali miti mingi ya kuletwa ilikuwa na wachache mno. Hata hivyo umbali kati ya miti pekee si lazima ubadilishe wadudu wake. Utafiti wa Papua New Guinea wa mwaka 2007 ulikuta viwavi karibu walewale katika kilomita za mraba 75,000 za msitu wa nyanda za chini. Jambo hilo hunistaajabisha hadi leo.

Nawaomba waandishi wenu watueleze: mti ulikuwa bondeni au mlimani, peke yake au kati ya wenzake?

Msomaji wenu, mpenda misitu