Mwandikie Mwajuma

Kwako Rehema, ndugu yangu,

Ningeanza na zile za shuleni, kwamba mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu. Lakini nakujua, unaziruka zote na kukimbilia chini kutafuta habari. Basi salamu zimefika, za Zuberi zimo humo humo, na habari ni moja: Mwajuma ameapa hatakanyaga tena ukumbi ule, na katika sisi wote ni wewe tu anayekusikiliza.

Ni ile jioni ya koncheto ya Tchaikovsky, ile ya fidla moja na okestra nzima, uliyoikosa. Tiketi yako tulimpa yeye. Nilisita kidogo, maana hajawahi kukaa mbele ya okestra nzima, nikadhani atasinzia. Asinzie nani! Tangu mpiga fidla alipotokeza, Mwajuma alisogea ukingoni mwa kiti, shingo mbele, mikono kifuani. Na yule dada alipiga, Rehema. Tumemsikia sana kwenye rekodi, lakini rekodi haikuonyeshi kazi. Huoni bega linavyohangaika, huoni nywele za upinde zikikatika na kuning'inia, naye akizing'oa upesi upesi okestra inapompa nafasi ya kuvuta pumzi. Kwenye kadenza, pale wenzake wanaponyamaza na kumwachia ukumbi wote, alishuka hadi uzi mzito kabisa, akapanda hadi zile sauti nyembamba ambazo mtu unaogopa hata kumeza mate zisije zikakatika. Halafu ule mtetemo mrefu wa mwisho, na filimbi ikaingia chini yake na wimbo wa mwanzo. Mahali pale napajua, nilikuwa napasubiri, na bado palinipata.

Zuberi alikuwa anajifuta shingo kwa leso. Nikakumbuka ile hadithi ya Carnegie Hall, New York, mwaka 1917, Jascha Heifetz ana miaka 16 anawatoa watu jasho kwa fidla yake, na Mischa Elman, mpiga fidla mwenzake, anasema humu ndani kuna joto. Rafiki yake Leopold Godowsky, mpiga piano, anamjibu kwamba kwa wapiga piano hakuna. Sikumnong'oneza. Bado ana uchungu wa kuiacha fidla.

Nirudi kwa Mwajuma. Sehemu ya kwanza inavyoishia wewe umeipiga, huhitaji nikueleze: mbio zinaongezeka, fidla inakimbizana na okestra nzima, ngoma zinanguruma, milio ya mwisho inaanguka mmoja baada ya mwingine, basi. Mwajuma akasimama wima. Makofi, na juu ya makofi, kwa sauti ile yake: "Hongera, mwanangu! Hongera!" Watu kadhaa wakamfuata. Hapo nyuma yetu ikatoka "shshsh", ikajibiwa na nyingine upande wa pili, na bwana mmoja wa safu ya nyuma akainama akamgusa bega. "Bado, mama. Haijaisha."

Akakaa. Sehemu mbili zilizobaki alizisikiliza ameukumbatia mkoba wake, macho chini. Hata mwisho kabisa, ukumbi mzima umesimama, alinitazama mimi kwanza, kuuliza kama sasa ruhusa ipo. Hapo ndipo hasira iliponishika, na mpaka naandika haijaniachia.

Maana hebu tuulizane. Mtu aliyeandika muziki ule alijua anachokifanya. Hakumaliza sehemu ya kwanza kwa kishindo vile ili watu wapate nafasi ya kukohoa. Na ndicho kilichofuata, kwa taarifa yako. Makofi yalipozimwa, kikohozi kikapata ruhusa: huku mmoja, kule mmoja, mwingine anafungua pipi kwa utaratibu kabisa, karatasi inalia ukumbi mzima. Mwenye pipi hakuambiwa "shshsh" na mtu. Kumtaka mtu anyamaze baada ya kadenza ile na mbio zile ni kumtaka ameze chafya. Wahenga waliposema mcheza kwao hutunzwa hawakuongeza kwamba asubiri hadi sehemu ya tatu.

Zuberi, unajua asivyoshindwa, njia nzima alikuwa upande wa yule bwana. Eti koncheto ni kitu kimoja chenye sehemu tatu, ukipiga makofi katikati unakata uzi. Nikamuuliza sheria hiyo ni ya lini. Mozart mwaka 1778 alimwandikia baba yake kutoka Paris juu ya simfoni yake mpya, kwamba alitia humo kipande alichojua kitawapendeza, na kweli watu wakapiga makofi muziki ukiendelea. Naye, kwa kuwa alishawajua, akakirudisha kipande hicho karibu na mwisho. Sehemu ya mwisho aliianza kwa sauti ya chini, fidla tupu, na hapo wasikilizaji wenyewe wakaambiana "shshsh". Okestra yote ilipoingia kwa nguvu, makofi tena. Umeiona hiyo? Kunyamazishana kulikuwepo, ila kulikuwa kwa watu wanaotaka kisiwapite kilicho kidogo. Hakukuwa kwa kufundishana adabu. Na Mozart hakukasirika hata chembe, alitoka hapo akaenda kula aiskrimu.

Akanijibu: Mendelssohn. Nikafurahi, maana alijileta mwenyewe. Kwenye koncheto ya Mendelssohn, ile iliyopigwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1845, sehemu ya kwanza inapoisha basuni, ile zumari ndefu ya sauti nzito, haiachi. Wote wamenyamaza, yenyewe imeng'ang'ania noti yake moja, kisha inapanda kidogo tu na tayari uko sehemu ya pili. Hakuna ufa wa kupitisha kofi. Zuberi anaitoa kama ushahidi kwamba watunzi walitaka kimya. Lakini kama watu wa wakati ule walikuwa wananyamaza wenyewe, Mendelssohn alikuwa na haja gani ya kuziba njia? Na Tchaikovsky, aliyeandika yake mwaka 1878, zaidi ya miaka 30 baadaye, njia hiyo aliijua. Sehemu ya pili na ya tatu kaziunganisha, hupati hata pa kupumua. Baada ya ya kwanza kaacha mlango wazi. Angetaka tunyamaze angeufunga na huo.

Zuberi alikaa kimya mpaka kwenye taa za njia panda. Halafu akasema sawa, lakini yale makofi yalikuwa ya nini? Ya muziki, au ya vidole? Mwajuma, anasema, angempigia makofi hata mtu anayetembea juu ya kamba.

Hapo alinibana kidogo, nakubali. Ni kweli watu wamekuwa wakienda kuwatazama wapiga fidla kama wanaokwenda kutazama hatari. Franz Clement, ambaye Beethoven alimwandikia koncheto yake, jioni ile ile ya Desemba 1806 alipoipiga Vienna alipiga pia kipande chake mwenyewe kwa uzi mmoja, fidla kaigeuza juu chini. Koncheto yenyewe haikupata mashabiki wengi mpaka Joseph Joachim, mtoto wa miaka 12, alipoipiga London mwaka 1844, Mendelssohn huyo huyo akiongoza. Au mpiga fidla Midori, kwenye tamasha la Tanglewood, Marekani, 1986, ana miaka 14. Uzi wa juu ukakatika, akachukua fidla ya kiongozi wa fidla. Ukakatika na huo, akachukua nyingine, akamaliza, na okestra ikamshangilia pamoja na watu, na Leonard Bernstein, mwenye kipande na mwongozaji, akamkumbatia. Walikuwa wanashangilia nini, muziki au nyuzi? Mimi sioni mtu anavyoweza kuvipambanua akiwa pale kitini. Noti ile ya juu inakugusa kwa sababu ni nzuri na kwa sababu ingeweza kuharibika. Ukitoa moja, nyingine... sijui. Wewe utalimaliza hili vizuri kuliko mimi.

Ila yule bwana wa nyuma simwachii. Sikiliza lililobaki.

Sehemu ya pili, ile Canzonetta, ukumbi ulitulia wenyewe. Mpiga fidla alishaweka kile kizuizi juu ya daraja la fidla, sauti ikawa imefunikwa, na hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze. Kikohozi kilipotea. Pipi zilipotea. Kimya cha namna ile siwezi kukipinga, na nilimwambia Zuberi hivyo. Ukumbi unajua kunyamaza ukipewa sababu. Sehemu ya tatu ikapasuka bila onyo, bibi mmoja mbele yetu akaruka kabisa, kisha ni mbio tupu hadi mwisho na watu wote juu. Aliitwa tena na tena. Wapiga nyuzi wakawa wanagonga pinde zao kwenye viegemeo vya noti, wengine wanasugua miguu chini. Akatoa nyongeza: Sarabande ya Bach, ile ya partita ya D ndogo, peke yake, polepole. Noti ya mwisho bado iko hewani, hajauinua upinde kwenye uzi, nani akapiga kelele "Bravo!"? Mstaarabu wetu wa safu ya nyuma. Rehema, haki ya Mungu. Nisingeweza kukitunga.

Sasa lile ninalotaka umwambie Mwajuma ni hili. Alipopiga makofi na wale wengine wakamnyamazisha, mpiga fidla alishusha fidla yake, akatazama upande wetu, akatabasamu. Si tabasamu la jukwaani, lile la meno. Aliinamisha kichwa kidogo, kuelekea tulipokaa. Mimi nilimwona, Zuberi alimwona na hata yeye halikatai. Mwajuma hakuona, alikuwa keshainama kutafuta mkoba. Nimemwambia mara nyingi. Anasema namfariji tu, kwamba hata mimi nilimwonea aibu. Mimi! Wewe hukuwepo, na wewe si mtu wa kufariji watu (usinune, ni sifa), kwa hiyo ukimwambia atasadiki.

Na ukiweza mwongezee kwamba jioni ya kwanza kabisa ya koncheto hiyo, Vienna, Desemba 1881, kuna waliozomea. Adolph Brodsky ndiye aliyeipiga, maana Leopold Auer, mpiga fidla ambaye Tchaikovsky alimtunukia kwanza, alikaa nayo tu. Mhakiki mkubwa wa mji ule, Eduard Hanslick, aliandika kwamba fidla humo haipigwi tena bali inararuliwa, na kwamba ni muziki ambao sikio linausikia ukinuka. Hao ndio waliokuwa wanajua. Mwajuma aliisikia mara moja akasimama. Baadaye Auer mwenyewe aliipiga na akawafundisha wanafunzi wake, Heifetz akiwemo. Usimwambie kwa sauti ya mwalimu, lakini.

Mwezi ujao ni koncheto ya Brahms. Nayo, kama unavyokumbuka, sehemu ya kwanza inaishia kwa nguvu, na nimeshamwambia Zuberi kwamba yakinijia nitapiga. Anasema atakaa safu nyingine.

Na sasa wewe. Ulipokuwa kwenye fidla za pili za okestra miaka yote ile, makofi ya baada ya sehemu ya kwanza yaliwaudhi kweli, au ni sisi huku chini tunaowasemea? Kule kugonga pinde, mnagonga kwa moyo au ni desturi tu, na aliyepiga vibaya mnamgongea pia? Mtu akisimama peke yake mbele yenu kwa dakika 35, anatusikia sisi kweli au hasikii kitu? Mkono unaendeleaje, yule daktari wa pili alisema nini? Unaweza kushika upinde walau dakika kumi? Na unakuja kwa Brahms au utatuangusha tena? Tiketi ya nne nimeishikilia, ila wanafunga Ijumaa, kwa hiyo jibu lako lisipite Alhamisi, na barua ya Mwajuma itangulie yangu.

Wako,
Salma

Ulimbo wako wa upinde uko kwangu, ulikuwa kwenye mfuko wa koti lile la bluu. Usinunue mwingine.