Kutu ya Tanga na watathmini wa madai ya bima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme neno kuhusu watathmini wa madai ya bima, kazi niliyoifanya hapa Tanga hadi kustaafu.

Jirani yangu wa Raskazone amenyimwa fidia. Gari lake lina bima kubwa. Liligongwa ubavuni, likakaa uani siku kumi na moja kumsubiri mtathmini kutoka Dar es Salaam. Kijana alipofika aliinama, akapitisha kidole pale bati lilipobonyea, kikatoka na vumbi jekundu. Akaandika kuwa palishashika kutu, kwa hiyo ni ajali ya zamani. Jamani! Bati lililochubuka rangi, likipigwa wiki nzima na upepo wa chumvi wa bahari yetu, linashika kutu. Muulize fundi yeyote wa kunyoosha bodi pale Ngamiani. Simlaumu sana kijana yule, maana hakupata mtu wa kumwambia.

Wenzetu Uingereza waliliona hili mapema. Watu wa bima wa Manchester walianzisha chama chao mwaka 1873 ili wafundishane kazi. Mwaka 1897 vyama vya miji mbalimbali vikaungana, na 1912 vikapewa hati ya kifalme. Watathmini wa hasara za moto nao wakaunda chama chao 1941, London ikiwa imetoka kupigwa mabomu, wakapata hati yao 1961. Walijiwekea mitihani na miiko, na mwiko mkubwa ni huu: mtathmini halipwi ili aipendelee kampuni.

Kwetu, Shirika la Bima la Taifa lilianza 1963, na baada ya Azimio la Arusha la 1967 likashika biashara yote. Tulikuwa chini ya paa moja. Mgeni wa kazi alikaa na mkongwe, akaenda naye eneo la ajali, akajifunza kutazama kabla ya kuuliza. Sheria ya 1996 ilipofungua soko, kampuni zikaongezeka na kila moja ikabaki na ujuzi wake ndani. Sheria ya 2009 ikatupa TIRA, mamlaka inayosimamia bima nchini, na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, jambo jema kabisa. Lakini mdhibiti kazi yake ni kutoa leseni na kusimamia. Kusoma kutu utafundishwa na mwenzako wa kazi.

Kwa hiyo nawaomba wanataaluma wa madai wakutane huku mikoani pia, wakae na mafundi wetu na askari wa usalama barabarani. Na mdai apewe nakala ya ripoti ya mtathmini bila kuhangaishwa. Jirani yangu aliiomba mara tatu.

Madaftari yangu ya kazini bado ninayo. Kikao cha kwanza kikifanyika Tanga, nitakuja nayo.

Mstaafu wa idara ya madai,
Chumbageni, Tanga