Gita Usiliache Dar

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi wazima. Goti la mama yako linamsumbua tangu mvua zianze, lakini anatembea. Barua hii inakuja pamoja na sanduku, kwenye basi la kesho la saa mbili asubuhi. Namba ya kondakta mama yako atakutumia. Ukachukue mwenyewe, usitume bodaboda.

Mama yako amenisomea ule mkataba wa hoteli ya Dubai uliomtumia kwenye simu. Umemtumia yeye, mimi hukunitumia, haya. Nikamwambia arudie pale panaposema vyombo vyote vya muziki vitatolewa na hoteli. Akarudia. Nikamwambia arudie tena, akasema macho yanamuuma. Halafu kaka yako ndiye akatoboa kwamba gita lako unaliacha Dar kwa rafiki yako, kwa kuwa ndege ina kilo zake na vyombo viko huko huko. Mwanangu, gita usiliache.

Dubai sina neno nayo. Wamekwenda wengi kupiga kwenye mahoteli ya Uarabuni, wengine wamejenga, na miezi sita si mingi. Mimi nimeshikwa na hilo neno moja tu, vyombo vitatolewa. Nalijua neno hilo.

Nimepiga ridhim, lile gita la kushikilia mdundo, miaka kumi na moja kwenye bendi ya shirika. Jina lake unalijua, na shirika lenyewe halipo tena. Bendi nyingi ndivyo zilivyokuwa wakati ule. NUTA Jazz ilikuwa ya chama cha wafanyakazi tangu 1964, nyingine za jeshi, nyingine za polisi, nyingine za mashirika. Tulilipwa mwisho wa mwezi kama makarani, na watu walituonea wivu kwa hilo. Lakini gita lilikuwa na namba mgongoni, imeandikwa kwa rangi nyeupe kama meza ya ofisi. Mazoezi yakiisha linaingia stoo, stoo inafungwa, mwenye funguo anakwenda zake. Nyumbani sina cha kushika. Wimbo ukinijia usiku naupiga kwa vidole kwenye ubao wa kitanda, mama yako anadhani nina homa.

Siku nilipokosana na meneja hakuna barua iliyoandikwa. Mtunza stoo aliambiwa tu asinifungulie. Nikasimama pale mlangoni na shati langu la bendi mpaka jua likazama, kisha nikaenda zangu. Miaka kumi na moja, nimetoka getini na kapo mfukoni, kile kibanio cha shingo ya gita, maana kapo nilikuwa nimeinunua kwa pesa yangu. Miezi minane sikugusa uzi. Vidole vikalainika kama vya mtoto mchanga, na nilipokuja kuazima gita la watu nikatoka damu.

Sasa utaniambia hayo ni ya zamani. Basi watazame wakina Kinyonga, watu wa hapa hapa Tanga. Wilson na George walipiga Jamhuri Jazz mjini hapa, wakatoka kwenda Arusha, na 1971 walikuwa Mombasa na Simba Wanyika yao. Bendi ya ndugu, kama yetu, ila wao walitoa santuri na sisi tulitoa jasho. Mwaka 1978 vijana waliowazunguka wakajitoa wakaunda Les Wanyika. Mmoja wao alikuwa Omari Shabani, na huyo nampenda kwa sababu zangu: alikuwa mtu wa ridhim, na watu wakamwita Profesa. Ni nadra. Mpiga ridhim akikosea ndipo watu hugeuka kumtazama. Ndugu wale wakaendelea na yao. George akafariki 1992, Wilson 1995, na Simba Wanyika ikaishia hapo.

Nilitaka kuwafuata, hilo sijakwambia. Begi lilikuwa limefungwa mwaka 1977, mpaka wa Kenya nao ukafungwa. Ulipokuja kufunguliwa 1983 nilikuwa nimeshaoa, na mama yako hataki hata kulisikia jina la Mombasa. Kwa hiyo usidhani sijui kiu ya kuondoka. Naijua. Nimekupa ruhusa kabla hujaomba, ingawa ungeomba.

Bendi ya ndugu ina ubaya wake mmoja, hakuna anayeandika. Ami yako tangu ashike besi hajawahi kusaini kitu, amekula sinia moja nami imetosha. Mama yako mlangoni na mkebe wake. Harusi ikiisha nahesabu, natoa mafuta ya jenereta, natoa gari, natoa fundi wa spika, wewe nakwambia Jumatatu. Jumatatu zako zimekuwa nyingi, nakubali. Nilikuwa nasema moyoni, mtoto anakula hapa, analala hapa, ujira wa nini? Na ulikuwa hudai. Ungedai ningekasirika, lakini ungedai.

Huko wewe si mtoto wa mtu. Waandike kiasi na tarehe, na nani anayekata tiketi ya kurudi. Wakikwambia sisi hapa ni kama familia, waombe waandike mara mbili.

Na gita. Najua unachosema kimoyomoyo. Unasema baba ananishikia bango kwa gita, na yeye ndiye aliyeuza lile jekundu. Sikuliuza. Niliweka rehani kwa siku kumi, amplifaya ilikuwa imeungua na tuna harusi mbili zimeshalipiwa. Siku kumi zikapita. Mwenye duka hakuwa muungwana, na mimi sikuwa na pesa. Ulikuwa na miaka kumi na tano na hukulia. Afadhali ungelia. Ukaanza kuchukua la kwangu nikitoka kwenda msikitini, unapiga bila kuchomeka waya, unadhani sijui. Nilikuwa najua. Nilikuwa nakaa barazani kwa ami yako mpaka chai ipoe, ili upate muda.

Kaka yako alinionyesha ile video uliyohojiwa. Ukasema umejifunza mwenyewe kwenye simu. Sawa. Sijui ni simu gani iliyokwambia kwamba chemko likianza, pale wimbo unapopamba moto, mtu wa solo asikimbie, anyamaze kidogo, aache ridhim itandike ndipo aingie juu yake. Labda ipo. Lakini ulipiga vizuri, sikatai. Pale uliposhuka kwenye nyuzi za chini ukaacha nafasi, nikamwambia ami yako, umesikia? Akasema nimesikia. Tukairudisha mara nne mpaka bando la kaka yako likaisha. Ya Muheza unayakumbuka mwenyewe, sina haja ya kuyaleta hapa.

Nikwambie ya safari. Kabla hujapanda ndege legeza nyuzi, si mpaka zilale kabisa, shusha tu zipumue. Kule watu wanaishi ndani ya kiyoyozi mchana na usiku, mbao inakauka, shingo inapinda, asubuhi unalikuta gita limehama sauti. Usilisimamishe chini ya kile kiyoyozi hata wakikwambia hapo ndipo pake. Ukimaliza kupiga lifute jasho, lirudi ndani ya sanduku, sanduku lirudi chumbani kwako, si stoo ya hoteli. Chukua seti nne za nyuzi, na uzi namba moja uongeze wa akiba, maana wewe mkono wako mzito, umerithi kwangu. Hapa kwetu ni chumvi ya bahari inayokula nyuzi. Za besi tulikuwa tunazichemsha zipate kulia tena, mpaka siku mama yako alipokuta sufuria yake ya wali ina nyuzi. Hilo nalo unalijua.

Usinywe kitu usichofungua mwenyewe. Swala usiache. Pasi yako usimpe mtu akushikie, hata akiwa na tai. Na wakikwambia gita lako halifanani na la mwenzako jukwaani, wanataka rangi moja, piga la kwao jukwaani, la kwako likae chumbani. Lakini liwepo. Siku mkikosana, na mtu hukosana, utoke na gita lako begani.

Sanduku kalitengeneza fundi seremala wa barabara ya kumi na mbili. Ni plaiwudi, kona zina bati, ndani tumetandika sponji ya lile godoro la zamani. Vipimo nilichukua kwenye gita langu, na la kwako nadhani kichwa chake ni kirefu kidogo, kwa hiyo tumeacha nafasi. Likicheza ndani jaza kanga. Fundi alitaka kupaka rangi nyeusi, nikamwambia aache mbao ionekane, ila mgongoni aandike jina lako. Jina lako, si namba. Ameandika vibaya herufi ya mwisho, utanisamehe, rangi ilikuwa imeshakauka.

Mama yako anasema ni zito. Nimelipima kwa muuza mkaa, kilo saba na robo bila gita. Basi punguza nguo, huko nguo zipo. Wakitaka ulipie uzito, lipa. Ndani, chini ya sponji upande wa shingo, kuna bahasha ya laki mbili na nusu. Si zawadi. Ni za Jumatatu. Kaka yako alikaa na daftari akasema hazijafika hata robo ya zinazotakiwa. Kaka yako hesabu hajawahi kuziweza, lakini safari hii sikubishana naye. Nyingine nitatuma tukimaliza msimu wa harusi.

Ijumaa tunakwenda Pangani, harusi ya watu wa mama yako. Solo atapiga mtoto wa ami yako. Anakimbia kama anafukuzwa na nyuki, akifika mwisho wa wimbo sisi bado tuko katikati. Jana kwenye mazoezi ami yako aliweka besi chini akatoka nje kuvuta hewa. Mama yako akacheka peke yake jikoni. Mimi nampiga jicho tu, maana wewe nilikuwa nakufokea, na sijui kama ilisaidia.

Chumba chako mama yako alitaka kukipangisha, kuna mwalimu mmoja aliulizia. Nimekataa. Ila spika mbili zimeingia humo, na tumba, na baiskeli ya kaka yako, na gunia la mkaa tangu paa la jikoni lianze kuvuja. Bati moja limeoza kabisa, fundi anasema mawili. Kitanda chako hakijaguswa. Paka amezaa juu yake, watatu. Umeme nao unakwenda kasi mno, nashuku lile friji, mama yako anashuku amplifaya. Yule jogoo mkorofi tulimchinja Alhamisi, nyama ngumu, supu nzuri.

Ukifika utapiga picha, najua, mtakwenda kwenye lile jengo refu kama watu wote. Mama yako mtumie ya jengo. Mimi nitumie ya gita, nilione liko chumbani, na ukutani kuna nini. Nitumie mimi, kwenye namba yangu, si kwa mama yako anisomee.

Kapo iko kwenye kile kimfuko cha kitambaa cha bluu. Kamba yake imelegea, nimeifunga na mpira wa baiskeli, inashika bado.

Ndoo inayokuja pamoja na sanduku ina dagaa wa kukaanga, mama yako ametia na pilipili ya kusaga na vibibi vichache vya leo leo, vile ule kwanza. Ufunguo wa sanduku uko humo humo kwenye ndoo, chini ya dagaa, ndani ya mfuko wa nailoni, maana kondakta simjui. Ndoo ni ya jirani na ameshaiulizia. Ukishamimina dagaa ioshe umpe kondakta yule yule airudishe Jumanne, na mfuniko wake.

Baba yako