Mwezini hakuna hati ya ardhi, ila wachimbaji wanajiandaa

Mhariri,

Watu wanaouziana “ekari za mwezini” kwenye simu wananikera kidogo. Kinachonikera zaidi ni kwamba Serikali yetu ya Uganda iliwahi kutamka msimamo juu ya mambo ya huko juu, tena zaidi ya mara moja, na leo mataifa makubwa yanapougawana mwezi, sauti yake siisikii.

Hati moja nimeiona kwa macho yangu, kwenye utambulisho wa binti wa jirani, kwanjula kama wote tunavyoiita siku hizi. Baada ya mbuzi, sukari na magomesi (magauni ya heshima ya kina mama), bwana harusi alitoa fremu. Ndani mlikuwa na karatasi nene yenye muhuri wa rangi ya dhahabu, namba ya kiwanja, na ramani iliyotiwa alama nyekundu. Wazee wakapiga makofi. Mwenyekiti wetu wa LC1, yaani baraza la kijiji, ambaye hagongi muhuri wake kwenye mauziano ya kibanja, kiwanja cha kijijini, mpaka majirani wa pande zote wasimame mpakani, akauliza tu, “Na huyu anapakana na nani?” Watu wakacheka, lakini siku nzima sikusikia swali la kisheria kuliko hilo.

Huwezi kuuza usichokuwa nacho. Anayeuza ardhi hapa Uganda lazima aonyeshe aliipata wapi: kwa ukoo, kwa Serikali, au kwa yale mapatano ya 1900 kati ya Waingereza na Buganda, yaliyoleta umiliki wa ardhi uitwao mailo. Mwezini huwezi kufuatilia hivyo, kwa sababu hakuna aliyeanza kumiliki. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, kifungu cha 2, unasema mwezi hauwezi kutwaliwa na taifa lolote kwa kudai mamlaka, kwa kuutumia, kwa kuukalia, wala kwa njia nyingine yoyote. Uganda ilijiunga na mkataba huo 1968. Mmarekani Dennis Hope, aliyejitangaza mmiliki wa mwezi mwaka 1980 na kuanza kuukata viwanja, hudai kwamba mkataba umekataza mataifa tu, haukumtaja mtu binafsi. Ni ujanja wa wakili wa kijiweni. Hati ya mtu binafsi husimama kwa nguvu ya dola inayoilinda, na dola isiyoruhusiwa kuwa na ardhi mahali haiwezi kumpa raia wake ardhi hapo. Tena kifungu cha 6 kinaitwika kila nchi jukumu la wanayoyafanya raia na makampuni yake huko juu. Bendera walizosimika Wamarekani kuanzia 1969 hazikuwapa hata futi moja ya ardhi, na wenyewe hawajawahi kudai. Mitambo waliyoiacha huko, hiyo ndiyo bado mali yao.

Kwa hiyo suala la ardhi limekwisha. Vita vyenyewe viko kwenye kinachochimbwa.

Mwaka 2015 Marekani ilipitisha sheria inayomruhusu raia wake kumiliki, kusafirisha na kuuza rasilimali atakazozitoa anga za juu, huku sheria hiyo hiyo ikisema Marekani haidai mamlaka juu ya mwezi. Luxembourg ikafuata 2017, kisha Falme za Kiarabu na Japani. Makubaliano ya Artemis ya 2020, yanayoongozwa na Marekani kuhusu shughuli za mwezini, yakaongeza kwamba kuchimba peke yake si kujitwalia. Mfano wanaoupenda ni wa bahari kuu: bahari si ya mtu, lakini samaki ni wa mvuvi. Sawa, ila samaki huzaana. Barafu inayotafutwa iko karibu na ncha za mwezi, kwenye mashimo yasiyoona jua kamwe, na mahali pazuri pa kuweka mtambo ni pachache. Makubaliano hayo hayo yanazungumzia “maeneo ya usalama” kuzunguka shughuli za kila mmoja. Ukishatua kwanza na kuwaambia wenzako wasikukaribie, kinachokosekana ni hati tu.

Sisi wa Bunyoro, kwenye mafuta ya Uganda, tunaujua mpango ulio kinyume kabisa na huo. Katiba ya 1995 inasema ardhi ni ya raia, lakini kifungu cha 244 kinayaweka madini na mafuta mikononi mwa Serikali kwa niaba ya Jamhuri. Mwenye shamba kule Buliisa ana ardhi, hana mafuta. Mwezini wamegeuza: mchimbaji hana ardhi, ila mali ni yake. Malalamiko yetu ya fidia ni mengi, sitayafunika, lakini angalau sheria ya fedha za umma ya 2015 inaziachia serikali za mitaa asilimia 6 ya mrabaha wa mafuta, yaani malipo anayotoa mchimbaji kwa anachokitoa ardhini. Katika sheria ile ya Marekani nitafute wapi mrabaha wa mtu mwingine yeyote?

Kulikuwa na njia nyingine. Mkataba wa Mwezi wa 1979 uliuita mwezi urithi wa pamoja wa wanadamu, na ukataka utaratibu wa kugawana faida. Marekani, Urusi na China hawamo. Afrika nzima ni Moroko peke yake iliyojiunga; Uganda haikujiunga. Saudi Arabia ilikuwemo ikajitoa.

Hapo ndipo nakumbuka Bogotá, mji mkuu wa Kolombia. Desemba 1976 Uganda ilikaa meza moja na Kenya, Zaire, Kongo, Kolombia, Ekwado, Brazili na Indonesia, nchi za ikweta, wakatangaza kwamba ule mzingo ulio kilomita kama 36,000 juu ya ikweta, ambako satelaiti huonekana zimesimama, ni mali yao ya asili. Dunia ilikataa, na kwa maoni yangu ilikuwa na haki ya kukataa, maana dai lile liligongana na mkataba wa 1967 tuliokwisha kuukubali. Lakini kelele zile hazikupotea bure. Mkutano wa Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano uliofanyika Nairobi 1982 uliandika kwamba nafasi za mzingo huo zitumiwe kwa kuzingatia mahitaji ya nchi zinazoendelea na hali ya kijiografia ya nchi fulani. Kwa walioshindwa, si haba.

Najua nitaambiwa hatuna roketi. Mwaka 1976 hatukuwa hata na satelaiti. Desemba 2022 satelaiti yetu PearlAfricaSat-1, iliyoundwa na wahandisi watatu wa Uganda wakiwa Japani, iliachiwa kutoka kituo cha anga za juu. Mwezi huo huo Rwanda na Nigeria zilitia saini Artemis. Siwalaumu, wamechagua meza yao. Na kule Vienna, kikundi kazi cha kamati ya Umoja wa Mataifa ya anga za juu kinajadili kanuni za rasilimali hizi, na ratiba yake inafika 2027. Muda upo, si mwingi.

Ninachoomba ni kidogo. Wizara inayoshughulikia sayansi ipeleke Bungeni taarifa, hata ya kurasa mbili: Uganda bado inasimama na tamko la 1976 au imelitupa? Inataka mchimbaji wa mwezini alipe mrabaha, na kwa nani? Tukiletewa Artemis kesho tutasaini, na nani atakuwa ameisoma kwanza? Kama majibu yako tayari kwenye faili fulani mjini Kampala, naomba gazeti lako liyachapishe.

Msomaji wako,
Hoima