Kwa Nini Hatupaki Silikoni Mpya Juu ya Silikoni ya Zamani

Lalamiko linalotufikia mara kwa mara katika karakana yetu ya vioo hapa Dar es Salaam ni la mteja aliyejiundia tangi la samaki nyumbani, likaanza kuvuja, akatuletea tulizibe, kisha akashangaa kusikia kwamba ukarabati wake unakaribia gharama ya tangi jipya. Hivi karibuni kaka mmoja wa Tabata aliondoka kwa hasira, akisema waziwazi kwamba tunawaibia watu, kwa sababu alichokitaka ni mstari mmoja wa silikoni, ile gundi inayovutika ya kuunganishia vioo, kwenye kona ya chini, nasi tukamtajia bei ya kulifungua tangi zima. Yeye na wengine walioondoka na dukuduku kama hilo wana haki ya kuelezwa kazi hii inavyokwenda.

Silikoni ikishakauka haikubali kushikwa na kitu kingine, hata silikoni mwenzake. Mteja anapopaka mstari mpya juu ya ule wa zamani, huo mpya hulala tu juu yake bila kuungana nao, na maji hupenya katikati ya tabaka hizo mbili. Akipaka kwa nje hali huwa mbaya zaidi, kwa kuwa maji yanasukuma kutoka ndani na kuibandua ile silikoni kidogo kidogo. Isitoshe, mahali tone linapoonekana si lazima pawe ndipo penye tundu, kwani maji yakishaingia ndani ya kiungio husafiri kuufuata mstari wote wa chini na kutokea upande wa pili. Mama mmoja mwenye mgahawa Sinza alipaka kona ileile mara kadhaa kabla ya kutuletea tangi lake, na tulipolifungua tulikuta tundu liko katikati ya kiungio cha kioo cha nyuma, mbali kabisa na kona hiyo.

Kwa hiyo, tangi likivuja tunalifungua. Tunakata viungio kwa waya mwembamba na wembe mrefu, tunatenganisha vipande, halafu tunakwangua silikoni yote ya zamani katika kila ukingo. Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, na ndipo mteja asipoona kinachofanyika. Hata baada ya kukwangua, kioo kinachoonekana safi kabisa huwa kimebaki na utando wa mafuta ya silikoni ambao jicho halioni, na ukiachwa hapo silikoni mpya haitashika. Tunausugua kwa spiriti na kitambaa kipya, tunarudia, na baada ya hapo hakuna anayeruhusiwa kugusa kingo hizo kwa vidole. Kutengeneza tangi jipya ni kukata na kuunganisha. Kukarabati tangi bovu ni kubomoa, kusafisha, kisha kuunganisha. Hiyo ndiyo sababu bei zinakaribiana, na hatuoni namna ya kuipunguza bila kuruka hatua ambayo mteja atakuja kuilipia siku tangi litakapomwagika sebuleni.

Wengi hudharau nguvu ya maji kwa sababu wanaliona tangi limetulia. Tangi la urefu wa sentimita 90, upana 45 na kimo 45 huchukua takriban lita 180, maana yake ni kilo 180 za maji peke yake kabla ya kuhesabu kioo, mchanga na mawe. Kioo chake cha mbele husukumwa kwenda nje kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 90 hivi, usiku na mchana, bila kupumzika. Tena kimo ndicho chenye hatari kuliko urefu: ukiongeza kimo cha maji mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Wateja wengi hutaka tangi refu la kwenda juu kwa sababu linapendeza, kisha wanagombana nasi tunapokataa kulitengeneza kwa kioo cha milimita 5 walichokwishanunua kwingine.

Kosa jingine la nyumbani linatokana na nia njema. Mtu anaunganisha vipande, anavibana kwa nguvu zote akiamini kwamba kadiri vinavyogusana ndivyo vitakavyoshikamana, na silikoni karibu yote inatokea pembeni. Silikoni haifanyi kazi hivyo. Nguvu yake iko katika kuvutika, na ili ivutike inahitaji unene wa milimita 1 hadi 2 kati ya kioo na kioo. Sisi huweka vipande vidogo vya plastiki kwenye kingo ili kuulinda mwanya huo, kisha tunavitoa silikoni ikishakauka na kuvijaza vitundu vyake mara moja, mahali ambapo kioo bado ni safi. Mwanya huo lazima uhesabiwe tangu wakati wa kukata. Kama kioo ni cha milimita 6 na vioo vya ubavuni vinakaa katikati ya cha mbele na cha nyuma, upana wake hupunguzwa milimita 12 za vioo viwili pamoja na mianya miwili ya silikoni. Anayesahau hesabu hiyo hupata tangi lisilokaa pembe mraba, na hakuna silikoni ya kulinyoosha.

Kuhusu aina ya silikoni, tunasihi jambo moja: msinunue ile ya bafuni iliyoandikwa kwamba inazuia ukungu. Ina dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo ikiingia majini inaweza kuwaua samaki. Kijana mmoja aliyekuwa amenunua samaki wa Ziwa Tanganyika kwa bei kubwa aliwapoteza wote namna hiyo, ingawa tangi lenyewe halikuvuja hata tone. Ile inayotoa harufu kali ya siki inapokauka haina ubaya wowote kwa sababu ya harufu hiyo, mradi iwe ya kioo tupu isiyochanganywa dawa. Harufu ikiisha na tangi likioshwa, samaki wako salama.

Halafu kuna haraka. Silikoni hukaushwa na unyevu ulio hewani, kwa hiyo hukauka kuanzia nje kwenda ndani, kwa wastani wa milimita 2 hadi 3 kwa siku, na kwenye kiungio kilichobanwa na vioo pande zote hewa inaingia kwa shida. Ukiigusa baada ya nusu saa utadhani imekwisha kukauka, kumbe ni ngozi ya juu tu. Tangi letu halijazwi maji kabla ya wiki moja kupita, na hatukubali kushinikizwa na mtu ambaye wageni wake wanafika Jumamosi.

Wapo pia wanaotuletea vioo vya kukata kutoka nyumbani, jambo ambalo hatulikatai, isipokuwa kwa kioo kilichoimarishwa kwa joto, kama rafu za friji, milango ya bafu na vioo vya pembeni vya gari. Kioo hicho hakikatwi. Ukikijaribu kinasambaratika chote kuwa punje. Mzee mmoja alisisitiza kwamba tunakataa rafu zake ili tumuuzie kioo chetu, akazipeleka kwa fundi mwingine, na akarudi na punje hizo ndani ya mfuko. Tulisikitika naye kwa dhati. Na anayetaka kuunganisha rafu ya kabati au meza ya kioo asitumie supagluu: hukauka ikawa ngumu isiyovutika, na kioo kikitikisika kidogo au kikipata unyevu, huachia bila onyo. Kazi hizo zina gundi yake inayokaushwa kwa taa ya urujuanimno (UV), na bei yake iko juu kwa sababu gundi yenyewe ni ghali na taa inatakiwa.

Anayependa kuunganisha mwenyewe tunamkaribisha kwa moyo wote. Tuletee vipimo vya nje vya tangi na kimo cha maji unachokusudia, nasi tutakushauri unene wa kioo, tutakata vipande tukiwa tumekwishatoa mianya, tutasugua kingo zisikukate, na tutakupa vile vipande vya plastiki bila malipo. Kama tangi lako linavuja, ulilete likiwa tupu na kavu, na kama hujapaka kitu chochote mahali panapovuja, tafadhali usipake, kwa sababu kila tabaka tunalolikuta linaongeza muda wa kukwangua na muda huo tunautoza. Tangi lililounganishwa na mikono yetu na kuwekwa juu ya meza iliyopimwa kwa timazi ya maji, likivuja kwenye kiungio, tunalifungua na kulirudia kwa gharama yetu.